Kuajirika kuanzia kibarua cha kwanza hadi kustaafu: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Mombasa

Kazi za Mombasa hufuata meli, wageni na maamuzi ya serikali, na yote matatu hubadilika bila mfanyakazi kuulizwa. Kiwanda cha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani Mombasa na ufuo wa karibu, watalii wakarudishwa kwao kwa ndege, na mahoteli yakaanza kufunga milango. Mwaka 2017 treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ikaanza safari. Mwaka 2019 likaja agizo kwamba makontena ya bara yapakiwe kwenye reli, na watu wa malori, makanika na makarani wa forodha wakaingia barabarani kuandamana. Agizo hilo likaondolewa Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia.

Katika kila msukosuko wa aina hii utawaona watu wawili waliofanya kazi ileile kwa miaka ileile. Mmoja anapata pa kushika baada ya miezi michache. Mwingine anabaki maskani akingoja simu. Nimeshiriki kuchagua wafanyakazi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mara nyingi tofauti yao si ujuzi. Ni kwamba wa kwanza anaweza kumwonyesha mtu asiyemjua alichokifanya, na wa pili anategemea mnyapara au meneja ambaye naye pengine ameshaondoka. Ujuzi unaojulikana na mtu mmoja tu huondoka na mtu huyo.

Mwongozo huu ni wa kujenga uwezo wa kuajirika hatua kwa hatua, kwa kuwa uwezo huo hubadilika kadiri mtu anavyoendelea kazini. Miaka ya mwanzo hupanda haraka, kila mwezi una jambo jipya. Baadaye ustadi unaendelea kukua, lakini sehemu kubwa ya ustadi huo inakuwa ya mahali pamoja: mashine za kampuni hiyo, taratibu za bosi huyo, wateja wa duka hilo. Hapo mtu anaweza kuwa bingwa kazini kwake na papo hapo awe mgumu kuajiriwa kwingine. Watafiti wawili wa Uholanzi, Claudia van der Heijde na Beatrice van der Heijden, waliandika mwaka 2006 kwamba kuajirika kuna sehemu tano: ujuzi wa kazi yenyewe, kuona mbele na kujiandaa, wepesi wa kubadilika, moyo wa kushiriki mambo ya kazini pamoja na wenzako, na mizani kati ya faida yako na ya mwajiri. Katika hizo tano, ujuzi wa kazi ni mmoja tu. Wengi wetu tunaufanyia bidii huo mmoja na kuzisahau nne.

Hatua ya kwanza: tenga ujuzi wako na ujuzi wa kampuni

Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika kila unachokijua ambacho kitakufaa hata kampuni ikifungwa kesho. Upande wa pili andika unachokijua ambacho kina maana hapo ulipo tu.

Chukua mfano wa karani wa forodha anayefanya kazi Shimanzi. Kujua kuainisha bidhaa kwa namba za ushuru kunaingia upande wa kwanza, maana tarakimu sita za mwanzo hufuata mfumo mmoja wa Shirika la Forodha Duniani, uliotumika tangu 1988. Anayezijua Mombasa anazijua pia Dar es Salaam na Dubai. Kujua kwamba mteja fulani hupenda kupigiwa simu jioni, au faili la mwaka juzi liko kabati gani, kunaingia upande wa pili. Hata hivyo upande wa kwanza nao huchakaa: namba hizo hurekebishwa kila baada ya miaka michache, kama ilivyokuwa 2017 na 2022. Na mitambo ya kazi hubadilika. Mfumo wa Simba ulipoingia forodhani mwaka 2005 uliwainua makarani waliojua kompyuta mapema, kisha ukaja mfumo wa iCMS na wote wakalazimika kujifunza upya.

Ukimaliza, hesabu. Kama upande wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza na una zaidi ya miaka kumi kazini, nenda moja kwa moja hatua ya tano, kisha urudi hapa.

Hatua ya pili: miaka ya mwanzo, kusanya upana na ushahidi

Kijana anayeanza huwa na haraka ya kupata mshahara mzuri, na simlaumu, kodi ya nyumba Kisauni au Mikindani haingoji. Lakini katika miaka mitatu au minne ya kwanza, kazi inayokugusisha mambo mengi ina thamani kuliko inayokulipa zaidi kidogo ikakufungia kwenye jambo moja. Kanika aliyeshika injini, breki na umeme wa gari ana milango mitatu. Aliyebadilisha matairi tu kwa miaka minne ana mlango mmoja, tena mwembamba.

Anza daftari la kazi siku ya kwanza. Si shajara ya hisia. Andika tarehe, mahali, kazi uliyofanya, mashine au programu uliyotumia, aliyekusimamia na namba yake ya simu. Ukifanya jambo kubwa zaidi ya kawaida, mathalani umesimamia upakuaji peke yako au umepika kwa harusi ya watu mia tatu, andika siku hiyohiyo. Baada ya miaka mitano hutakumbuka, na anayekuhoji atakuuliza hasa hayo.

Vibarua wajue pia sheria inasemaje. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Muda wa majaribio haupaswi kuzidi miezi sita, ila kama umekubali mwenyewe kuongezewa, na nyongeza yenyewe isizidi miezi sita mingine. Haya yanahusu haki, lakini yanahusu pia kuajirika: mkataba wa maandishi ni ushahidi, na mtu aliyefanya kibarua miaka sita bila karatasi anaonekana kwa mwajiri mpya kama mtu aliyekaa nyumbani miaka sita.

Ushahidi mwingine ambao wengi hawaufikirii ni michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Taarifa yako ya uanachama inaonyesha mwajiri aliyekuchangia na miezi aliyochangia. Itazame angalau mara moja kwa mwaka. Ukikuta miezi iliyorukwa, uliza mapema, si siku ya kustaafu.

Hatua ya tatu: chagua cheti kinachotambulika

Hapa pesa za watu hupotea sana. Kuna kozi za wiki mbili mjini ambazo cheti chake hakuna mwajiri anayekiuliza. Kabla ya kulipa, tafuta matangazo kadhaa ya kazi unayoitaka, usome vyeti vinavyotajwa, kisha muulize mtu mmoja anayeajiri. Kama cheti hakitajwi popote, hifadhi pesa zako.

Fundi aliyejifunzia kazi jua kali, awe wa Changamwe au Majengo, ana njia iliyonyooka: mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wenye Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, hiyo ya Kwanza ikiwa ndiyo ya juu. Mtihani unaangalia kazi ya mikono yako, na NITA ina kituo hapa Mombasa. Namjali sana fundi wa aina hii. Ndiye mwenye ustadi mkubwa na karatasi chache, na Gredi moja humtoa kwenye "fundi wa mtaani" hadi kwenye orodha ya watu wanaoitwa na kampuni za ujenzi. Anayetaka kusoma zaidi anazo Kenya Coast National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kwa makarani wa forodha, cheti kinachoheshimiwa Afrika Mashariki yote ni kile cha uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, kinachofundishwa kwa ushirikiano wa vyama vya mawakala na mamlaka za mapato. Chuo cha mamlaka ya mapato, KESRA, kina tawi Mombasa.

Mabaharia wana hali ya pekee kwa sababu vyeti vyao hufa. Mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ni kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu binafsi; mawili ya kwanza yanatakiwa kuthibitishwa upya kila miaka mitano, na cheti cha afya hudumu si zaidi ya miaka miwili. Bandari Maritime Academy hufundisha, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayosimamia. Baharia akikaa nchi kavu akaacha vyeti vikafa, meli ikitafuta watu kwa haraka haitamngoja.

Na hapa niseme kwa uzito. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu yako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekuomba laki moja ya "nafasi melini" anakuibia, hata kama ni jirani, hata kama ana ofisi yenye bango zuri. Familia nyingi za Pwani zimeuza mashamba kwa ahadi kama hiyo.

Hatua ya nne: ondoka na karatasi mkononi

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimisha mwajiri kukupa cheti cha utumishi kazi inapokwisha, iwe umeacha mwenyewe, umepunguzwa au umefukuzwa, mradi umefanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, na tarehe uliyoacha. Mwajiri akikunyima kwa makusudi, ni kosa la jinai.

Elewa tofauti yake na barua ya sifa. Barua ya sifa, ile inayosema ulikuwa mwaminifu na mchapakazi, mwajiri halazimiki kuiandika. Cheti cha utumishi analazimika. Kwa hiyo hata ukiachana na bosi kwa ugomvi, usiseme "sitaki chochote kwake". Muda wako uliuuza hapo, na cheti ndicho kinachoonyesha kwamba uliuuza.

Namna ya kuomba: andika barua fupi au ujumbe wa barua pepe, taja jina lako, cheo, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na uombe cheti chini ya kifungu cha 51. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kwa utaratibu wetu wa Pwani ni vizuri kumpitia kwanza karani wa ofisi kwa salamu na maneno mazuri, maana mara nyingi kinachochelewesha ni mtu kutojua aandike nini. Mwandikie rasimu, afanye kupiga chapa na kutia sahihi. Ikishindikana, ofisi ya kazi ya serikali hupokea malalamiko ya aina hii bila wewe kuwa na wakili.

Kisome cheti kabla hujatoka mlangoni. Kosa la kawaida ni cheo. Mtu amekuwa msimamizi wa zamu miaka mitatu, cheti kinaandika "mfanyakazi wa kawaida" kwa sababu faili halikusasishwa siku alipopandishwa. Ndiyo maana kila unapopandishwa cheo au kubadilishiwa kazi uombe barua siku hiyo, hata kama nyongeza ya mshahara ni ndogo au hakuna kabisa.

Piga picha karatasi zote, uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Mvua za masika zikiingia nyumbani hazichagui bahasha.

Hatua ya tano: katikati ya safari, usigeuke nguzo ya nyumba moja

Kati ya miaka thelathini na mitano na hamsini ndipo watu wengi hupoteza uwezo wa kuajirika huku wakidhani wanaujenga. Mshahara umetulia, watoto wako shule, wenzako wanakuita mzee wa kazi, na bosi anasema bila wewe mambo hayaendi. Sifa hiyo ni tamu na ina hatari. Mtu asiyeweza kuondolewa mahali pamoja huachwa palepale: hapelekwi mafunzoni kwa sababu hakuna wa kushika nafasi yake, na hapandishwi kwa sababu hiyohiyo.

Omba kubadilishiwa majukumu ndani ya kampuni, si lazima cheo. Mhudumu wa mezani katika hoteli ya Bamburi aombe msimu mmoja mapokezi, au katika kitengo cha mikutano. Watalii walipopungua mwaka 2014, mahoteli yalilazimika kuwategemea zaidi wageni wa ndani, mikutano na semina, na aliyejua kumhudumia mgeni wa Nairobi anayekuja na familia alikuwa na thamani mpya. Kijerumani chako cha kuongea na watalii bado ni mali, ila kisiwe mali yako peke yake.

Tumia msimu mbovu. Wafanyakazi wa hoteli wanajua kwamba Aprili hadi Juni kazi hupungua na wengine hupumzishwa. Miezi hiyo hurudi kila mwaka, kwa hiyo panga mafunzo yako ndani yake: kozi fupi, mtihani wa NITA, leseni ya udereva ya daraja la juu zaidi. Wenye kazi ya mwaka mzima wana likizo ya siku 21 za kazi kisheria. Siku tano za hizo zikienda kwenye kujifunza, bado unabakiwa na nyingi za kwenda kuwaona wazee.

Jambo moja la kumwambia mwajiri wako, kwa heshima: waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na anayelipa anaweza kuomba NITA imrudishie gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi wanalipa tozo na hawadai kitu. Ukimwendea bosi na jina la kozi, gharama yake, na maelezo ya namna ya kudai, unakuwa umemrahisishia kusema ndiyo.

Jitolee kwenye kamati ya usalama na afya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati hiyo, na mara nyingi nafasi zake hukosa watu. Kwa mpakuaji wa mizigo mwenye umri wa miaka arobaini, ambaye mgongo umeanza kumwambia ukweli, hii ni njia ya kuhamia kazi ya usimamizi wa usalama bila kuanza upya. Ni ushauri ninaoupenda kuliko wote humu, kwa sababu haugharimu kitu na unafungua kazi ambayo mwili wa mtu mzima unaweza kuibeba.

Hatua ya sita: watu wa mbali kidogo

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza kwa nini watu tunaofahamiana nao kijuujuu hutuletea habari mpya kuliko ndugu na marafiki wa karibu: watu wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa kwa watumiaji wa LinkedIn, ulionyesha kwamba anayesaidia zaidi ni mtu wa uhusiano wa kati, si ndugu na si mgeni kabisa.

Barazani mnakaa watu walewale. Wote mkifanya kazi bandarini, bandari ikitikisika mnatikisika pamoja. Kwa hiyo waweke karibu watu uliowahi kufanya nao kazi: aliyehamia Nairobi, dereva wa Kampala uliyezoea kumpakilia, mwalimu wako wa kozi. Salamu ya Idi au ya Krismasi yatosha, bila kuomba kitu. Chama cha wafanyakazi nacho ni mahali pa kukutana na watu wa kampuni nyingine, mbali na kudai mishahara.

Hatua ya saba: miaka ya mwisho

Kuanzia hamsini, thamani yako inahamia kwenye kufundisha na kuamua. Anza kumfundisha kijana mmoja kwa utaratibu, uandike unachomfundisha. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuombea kazi ya ukufunzi wa muda katika chuo cha ufundi, au ya ushauri kwa kampuni ndogo. Fundi mwenye Gredi ya Kwanza na rekodi ya wanafunzi aliowatoa ana kazi baada ya miaka sitini.

Kazi ikikatika ghafla

Kama unapunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinakupa notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, likizo uliyobakiza ilipwe kwa pesa, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Usitie sahihi karatasi ya kusema umelipwa yote kabla hujapiga hesabu.

Wiki ya kwanza fanya kwa mpango huu: dai cheti cha utumishi, chapa taarifa ya NSSF, angalia vyeti vinavyokaribia kuisha muda, kisha chukua daftari lako la kazi uandike ukurasa mmoja tu wa kujieleza, kwa kazi ulizofanya na si kwa sifa. Cheti cha tabia njema cha polisi kiombe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana waajiri wengi hukitaka na alama za vidole zina foleni yake. Ndipo uwapigie watu kumi wa ile hatua ya sita. Usiwaambie "nitafutie kazi yoyote". Mwambie kila mmoja jambo moja unalolijua vizuri, mahali unapoweza kulifanyia, na siku unayoweza kuanza.